Gari inayowaka bila mtu ndani: maswali ya kuuliza fundi kabla hajagusa waya

Ilikuwa siku ya posho, mapema asubuhi, katika uwanja tunamopanga familia nne. Jirani yetu alikuwa ametoka kufungiwa alarmu mpya kwenye Toyota yake, ile ya aina ya siku hizi: telekomandi moja inafunga milango, inafungua, inapiga kelele mwizi akigusa, na juu ya hayo yote inawasha moteri ukiwa bado kitandani. Mtoto wake wa miaka sita aliikuta telekomandi juu ya meza. Akabonyeza. Gari ilikuwa imelala na vitesi ya kwanza, vile magari mengi ya Goma yanavyolala, juu freni ya mkono ilishachoka zamani. Iliruka mbele, ikapiga bidoni tatu za maji, ikaenda kusimama kwenye ukuta wa mawe ya volkano. Mama aliyekuwa anafua nguo pale pale penye bidoni alikuwa ameingia ndani dakika hiyo kuchukua sabuni.

Hakuna aliyeumia. Mchana nilimsindikiza jirani kwa fundi wake.

– Fundi, gari yangu imeruka yenyewe. Ilibaki kidogo iue mtu.

– Pole sana, papa. Lakini muliiacha na vitesi. Ile mashine haiwezi kujua.

– Na hizi waya zinazoning'inia hapa chini ya tablo, ni za nini?

– Hizo tuliziacha tu, papa. Juu gari iliwaka bila zenyewe.

Fundi hakusema uongo. Gari kweli iliwaka bila hizo waya. Lakini waya zile zilizoachwa zikining'inia ndizo ambazo zingeiambia mashine kwamba kuna hatari. Tangu siku ile nimekuwa nachungulia chini ya tablo za watu, na nimeuliza mafundi wengi wa umeme wa magari, hapa mjini na wengine waliojifunza kazi Kampala. Haya ndiyo niliyoyaelewa, na nayaandika kwa yule anayefikiria kununua kisanduku hicho, ao ambaye tayari iko nacho.

Mkono usio na macho

Tuanze na funguo ya kawaida. Nyuma ya pale unapoingiza funguo kuna waya nne ao tano nene. Moja inaleta moto kutoka kwa batri saa zote, hata gari ikiwa imezimwa. Ukizungusha funguo hatua ya kwanza, moto unaenda kwenye radio. Hatua ya pili ndiyo tunaita kontakti: pompi ya esansi, bujia na kompyuta ya moteri vinapata umeme. Hatua ya tatu inaita demareri, moteri inazungushwa, na ukiachia, springi inarudisha funguo kwenye kontakti. Ni hayo tu.

Kisanduku cha telekomandi kinafanya kazi ile ile. Ndani yake mna rele, yaani swichi ndogo zinazofungwa na umeme. Ukibonyeza, rele moja inaweka kontakti, inasubiri kidogo, nyingine inaita demareri kwa sekunde moja ao mbili, kisha inaachia. Kwa maneno mengine ni mkono wa pili unaozungusha funguo. Gari haioni tofauti.

Wazee waliopanda malori ya zamani wanakumbuka manivela, lile chuma la kuingiza mbele ya moteri na kuzungusha kwa nguvu za mikono. Lilivunja mikono ya watu wengi, na ndiyo sababu Cadillac ilipoleta demareri ya umeme mwaka 1912, dunia nzima ilifuata. Toka manivela mpaka funguo, jambo moja halikubadilika: kulikuwa na mtu pale kwenye gari. Mtu anaona mtoto amekaa mbele ya gurudumu. Mtu anajua kama vitesi iko ndani. Mtu anasikia moteri imeshashika na anaachia. Telekomandi imeondoa huyo mtu.

Waliotengeneza visanduku wanajua hilo. Ndiyo maana, pembeni ya zile waya nene, kila kisanduku kinachojiheshimu kinakuja na waya nyembamba kadhaa. Waya ya freni: ukikanyaga freni bila funguo kuwa kwenye kontakti, moteri inazima papo hapo. Waya ya kapo, yenye kaswichi ka kusukumwa: kapo ikiwa wazi, gari haiwaki, na ikifunguliwa moteri inazima. Fundi aliyeinamia mikanda ya moteri na kuweka vidole mule, wakati mwenye gari anabonyeza telekomandi akiwa dukani, hana kinga nyingine isipokuwa hako kaswichi. Waya ya freni ya mkono, ao ya kuonyesha kwamba gari iko huru. Waya ya mlango. Na waya ya kusikiliza mzunguko wa moteri, ili kisanduku kijue moteri imeshashika na kiache kuita demareri. Bila hiyo kinakisia kwa volti za batri, na batri ikiwa imechoka makisio yanakosea, demareri inazungushwa wakati moteri tayari inazunguka. Meno yanalia. Sauti hiyo mnaijua.

Sasa, shida iko hapa: hakuna hata moja kati ya waya hizo nyembamba inayohitajika ili gari iwake. Fundi anayelipwa kwa kazi, si kwa saa, na ambaye mteja amesimama juu ya kichwa chake akiuliza "bado?", atafunga zile nene, atabonyeza, gari itawaka, watu watapiga makofi. Kazi imeisha. Kila mtu anafurahi mpaka siku ya posho asubuhi.

Gari ya vitesi vya mkono

Kwa otomatiki hatari ni ndogo zaidi. Karibu zote zina swichi kwenye gia inayokataza demareri kufanya kazi isipokuwa kijiti kikiwa kwenye P ao N, na kwa magari mengi waya ambayo fundi anaifunga bado inapitia kwenye swichi hiyo. Mengi, si yote. Kuipima ni rahisi: kaa ndani, mbele pawe wazi, mguu karibu na freni lakini bila kuikanyaga (ukiikanyaga, kisanduku kitakataa kwa sababu ya freni na hutajua lolote), weka D na freni ya mkono juu kabisa, kisha mwambie fundi abonyeze. Demareri ikiguta hata kidogo, kanyaga, na kisanduku hicho kisitoke garaji namna hiyo.

Kwa gari ya vitesi vya mkono, habari ni nyingine kabisa, na hapa ndipo nataka msomaji wangu asimame. Gari iliyolala na vitesi ndani imeunganishwa na magurudumu. Demareri ikizunguka, magurudumu yanazunguka. Na moteri ikishika, inaendelea kutembea, haina dereva. Magari fulani yana swichi chini ya ambreyaje inayodai uikanyage kwanza. Sasa wapi, mtu wa kukanyaga hayupo, kwa hiyo fundi anaiunganisha moja kwa moja "ili mashine ifanye kazi". Kinga ya mwisho imekatwa kwa koleo.

Visanduku vizuri vina njia ya kuzunguka jambo hili, na mafundi wachache wanaieleza kwa wateja wao. Inaenda hivi. Unafika nyumbani, unasimamisha gari moteri ikiwa bado inazunguka. Unaitoa vitesi, unavuta freni ya mkono, unaachia freni ya mguu. Unatoa funguo, na moteri inaendelea kuzunguka juu kisanduku kimeishikilia. Unatoka, unafunga milango yote, unabonyeza kufunga. Hapo ndipo moteri inazima yenyewe. Mantiki yake ni nzuri sana ukiifikiria: kama gari ingekuwa na vitesi ndani, isingeweza kubaki inazunguka imesimama bila mtu kukanyaga ambreyaje. Kwa hiyo kisanduku kina hakika kwamba iliachwa huru, na kinaweka akiba hiyo kwa kesho asubuhi. Mlango wowote ukifunguliwa usiku, akiba inafutwa, juu labda mtu ameingia na kusogeza kijiti. Freni ya mkono ikishushwa, inafutwa pia.

Ona kwamba mpango huu wote unategemea vitu viwili: waya ya milango na waya ya freni ya mkono, zile zile zilizoning'inia kwa jirani. Unategemea pia freni ya mkono inayoshika kweli. Ukiacha gari huru kwenye mteremko na kebo imelegea, hauhitaji hata telekomandi ili upate ajali. Kama freni yako ya mkono haishiki, pesa za telekomandi zipeleke kwanza huko.

Kazi yenyewe chini ya tablo

Fundi mzuri utamjua kwa kitu cha kwanza anachoshika. Kama anachukua taa ya kupimia, ile balbu yenye msumari, na kuanza kuchoma waya moja baada ya nyingine, msimamishe. Balbu inavuta umeme mwingi, na chini ya usukani pale kuna waya za mifuko ya hewa, zile za plagi za rangi ya njano. Zile haziguswi kabisa. Kinachotakiwa ni multimetri. Anaweka kwenye volti, anazungusha funguo hatua kwa hatua na kusoma: waya yenye volti 12 saa zote ni ya batri, yenye volti kwenye kontakti na ambayo haipotezi moto demareri inapoitwa ni ya kontakti, inayopotea wakati wa demareri ni ya radio, inayopata moto wakati wa demareri peke yake ni ya demareri. Magari fulani yana waya mbili za kontakti, na ukisahau ya pili moteri inawaka na kufa, ao inawaka bila hewa na bila taa za tablo.

Kusema "nyekundu na nyeusi ni hii, nimeona kwenye video" haitoshi. Michoro mingi inayopatikana kwenye simu ni ya magari ya soko la Marekani. Toyota yenye jina lile lile iliyotengenezwa kwa Japani, usukani kulia, inaweza kuwa na rangi tofauti na plagi tofauti, na hapa kwetu tuko na zote mbili barabarani, usukani kulia na usukani kushoto, zikipishana kwenye Rond-point Signers.

Baada ya kupima, batri inafunguliwa. Kisha kuunganisha. Waya zinazobeba kontakti na demareri zinapitisha umeme mwingi, kwa hiyo waya mwembamba wa spika hauwezi kazi hiyo: unapata joto, plastiki inayeyuka, na moshi unatoka chini ya tablo. Maungio yachomwe kwa risasi, yafunikwe vizuri, na yafungwe pamoja na waya za gari yasicheze. Kusokota na kuweka skochi kunaweza kudumu miaka kwenye lami laini. Kwenye mawe yetu ya volkano, gari inatikiswa kutoka mlangoni mpaka kazini, na skochi yenyewe inaachia gundi kwa joto la moteri. Fizibo iwekwe karibu na pale moto unapochukuliwa, si mwisho wa waya, juu kazi yake ni kulinda waya wote.

Kama gari yako ni ya mazutu, uliza jambo moja zaidi. Moteri ya mazutu, sana sana ya zamani, inataka bujia za kupasha joto zipate sekunde zao kabla ya demareri. Wewe ukiwa ndani unasubiri ile taa ya ondo la springi izime. Kisanduku kinahitaji waya ya taa hiyo, ao kipangwe kusubiri. La sivyo kitazungusha moteri baridi, itakataa, kitazungusha tena mara ya pili na ya tatu, na batri itakuwa imeisha kabla hujavaa viatu.

Funguo ya pili chini ya tablo

Kuna siku fundi atakuambia: "Papa, niletee funguo yako ya pili." Hapa usikubali haraka.

Ulaya ilifanya iwe lazima, tangu mwaka 1998, gari mpya kuwa na kinga ya kielektroniki: kuna chipu ndani ya kichwa cha funguo, na pete ya antena kuzunguka mahali pa funguo inaisoma. Chipu isiposomwa, moteri haiwaki, ao inawaka na kufa baada ya sekunde moja ao mbili. Magari ya soko la Japani ya miaka ile mengi hayana kinga hiyo. Ukitaka kujua ya kwako, funga kichwa cha funguo kwa karatasi ya aluminiumu ya jikoni, safu mbili ao tatu, kisha jaribu kuwasha. Ikiwaka na kuendelea, inaelekea haina chipu.

Kwa gari yenye chipu, telekomandi peke yake haiwezi kitu. Kwa hiyo fundi anachukua funguo ya pili, ao chipu yake tu, na kuificha karibu na ile pete. Gari sasa inaamini kwamba mwenyewe yuko pale mchana na usiku. Umelipa pesa za alarmu, na kwa pesa hizo hizo umemwachia mwizi sehemu ya funguo ndani ya gari. Atavunja pale pa kuingiza funguo, atavunja kufuli ya usukani, na kinga ya kiwandani haitamsumbua tena.

Kuna njia bora. Kinauzwa kisanduku kidogo cha kuwekea funguo ya pili chenye rele ndani yake: chipu inasomwa tu katika zile sekunde ambazo telekomandi imeomba moteri iwake, baadaye mlango unafungwa. Hata hapo unapoteza kidogo, lakini si vile vile. Na bado waya ya freni inabaki kuwa mlinzi wako. Mtu akivunja dirisha wakati gari inajipasha joto na kukanyaga freni ili aondoke, inazima mikononi mwake. Kama waya ya freni ilifungwa.

Magari yenye kitufe cha kuwasha na funguo isiyoingizwa yana mambo yake mengine. Kisanduku cha kawaida hakifai kwayo hata kama muuzaji wa Birere ataapa.

Mazuku ya pili

Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa kwamba hewa isiyoonekana inaua. Toka pembeni ya ziwa mpaka njia ya Sake tunajua sehemu za mazuku: mabonde madogo ambako gazi ya volkano, kaboni dayoksaidi, inatoka chini na kulala pale juu ni nzito kuliko hewa. Mbuzi anashuka kula majani, harudi. Mtoto anashuka kumtafuta mbuzi.

Moshi wa moteri una gazi nyingine, kaboni monoksaidi, na tabia yake si ile ile. Hailali chini. Uzito wake ni karibu sawa na wa hewa, kwa hiyo inachanganyika na kujaa chumba chote, inapita chini ya mlango, inapita dirishani. Haina rangi, haina harufu. Ndani ya damu inashika pale oksijeni inaposhika, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, na anafikiri ni malaria. Aliyelala hasikii chochote. Moteri baridi, dakika zile za kwanza, ndiyo inayotoa nyingi zaidi, na gari ambayo chujio lake la moshi limezeeka ao limetolewa inazidisha.

Sasa angalia nyumba zetu. Gari inaingizwa usiku ndani kabisa, juu ya wezi, nyuma yake ikigusa dirisha la chumba cha watoto. Wengine wameijengea kibanda cha mabati kilichoshikana na nyumba. Telekomandi iko mfukoni, mtu anaikalia, moteri inawaka saa nane za usiku na hakuna anayesikia, juu mvua inapiga mabati. Marekani, gazeti la New York Times lilihesabu mwaka 2018 zaidi ya watu 20 waliokufa kwa namna inayofanana na hii, magari ya kitufe yakisahaulika yanazunguka ndani ya garaji za nyumba, na sheria ya Novemba 2021 ikaagiza magari ya namna hiyo yawekewe kizimio cha yenyewe. Visanduku vya telekomandi vingi vinazima moteri baada ya dakika 10, 15 ao 20, kulingana na vilivyopangwa. Mwambie fundi aweke dakika chache kuliko zote. Na kama gari yako inalala chini ya dirisha la mtu, usiiwashe kwa mbali hata kwa dakika tatu.

Kile kisanduku ambacho hukukinunua

Kuna watu ambao wako na mashine hii bila kujua. Kaskazini ya Japani theluji inafunika magari, na watu wa kule wanafunga telekomandi za moteri kwa wingi, za kampuni kama Carmate, Comtec ao Yupiteru. Gari ikizeeka inauzwa, inapita Mombasa ao Dar es Salaam, inafika kwetu na kisanduku chake chini ya tablo, maandishi ya Kijapani, antena ndogo imebandikwa kwenye kioo cha mbele. Telekomandi yenyewe ilibaki Japani.

Kisanduku hicho hakitawasha gari peke yake, lakini kinaendelea kunywa batri na maungio yake yanazeeka. Gari ya namna hiyo inayokataa kuwaka mara moja kwa wiki, bila sababu, ianzie kukaguliwa hapo. Mara nyingi kimefungwa kwa plagi tu, bila kukata waya ya kiwandani, na fundi anaweza kukitoa na kurudisha plagi za mwanzo.

Kwa habari ya batri: kisanduku chochote, kipya ao cha zamani, kinasikiliza telekomandi saa 24. Muombe fundi apime umeme unaovuja gari ikiwa imefungwa kabisa na imetulia nusu saa. Ikizidi miliampea 50 kuna tatizo. Hata hizo 50 zenyewe ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Wiki tatu gari ikikaa bila kutembea, na tumeona vipindi ambavyo magari yanakaa, ni zaidi ya 25. Batri ya 45 itakuwa imepita nusu.

Tunaihitaji kweli?

Winnipeg, ambako baadhi ya ndugu zetu wanaishi, baridi inafika nyuzi 30 chini ya sifuri, na kukaa kwenye kiti cha barafu ni mateso. Muscat na Dubai wanawasha ili hewa baridi itangulie, juu mchana wa mwezi wa saba usukani unachoma mikono. Goma iko mita karibu 1,500 juu ya bahari, asubuhi kuna ubaridi wa kuvaa sweta, basi. Moteri ya esansi ya miaka 25 hii haihitaji kusimama ikijipasha joto. Iwashe, hesabu nusu dakika, ondoka polepole. Ikisimama inazunguka inakula karibu lita moja kwa saa, zaidi ao chini kidogo kulingana na ukubwa wake. Dakika 15 kila asubuhi ya kazi ni lita sita na nusu kwa mwezi. Bei ya lita unaijua.

Kwa hiyo wengi wanainunua juu inafurahisha kuona gari inawaka yenyewe, na sioni aibu katika hilo, hata mimi nilitabasamu mara ya kwanza. Wengine hawakuitaka kamwe: walitaka alarmu, na alarmu ikaja pamoja nayo ndani ya kisanduku kimoja. Kwa hao kuna habari njema ambayo wauzaji hawaitangazi. Waya ya demareri inaweza kuachwa bila kufungwa. Milango itafunga, kengele italia, rele ya kukata moteri kwa mwizi itafanya kazi, na hakuna kitufe kitakachoamsha gari. Kwa gari ya vitesi vya mkono, mimi ningefanya hivyo bila kufikiri mara mbili, isipokuwa fundi wako anaweza kukuonyesha kwa vitendo ule mpango wa akiba na ukashindwa kumdanganya.

Na kumdanganya kuna namna yake. Kabla ya kulipa, fungua kapo, bonyeza: isiwake. Ifunge, bonyeza, iwake. Fungua kapo, izime. Kanyaga freni bila funguo, izime. Weka akiba, kisha fungua mlango wa nyuma na kuufunga tena, bonyeza: ikatae. Shusha freni ya mkono, ikatae. Dakika tano. Fundi aliyefunga waya zote atasimama pembeni akicheka; yule aliyeziacha atakuambia haina lazima.

Jirani alimrudia fundi wake yule yule, na walielewana. Waya ya kapo na ya freni zimefungwa. Ya demareri imetolewa, ncha yake imefunikwa, iko pale imelala juu ya kisanduku. Mtoto ameruhusiwa kufungua milango kwa telekomandi baba akiwa na mikono imejaa, na bidoni za maji zimehamishwa upande wa pili wa uwanja.